Wawili Ambao Hatukuwaona

Mwalimu alipotutangazia kwamba tunakwenda kuhesabu wanyama wa majini kwa siku sita, nilidhani ni kazi ya macho tu. Unaona, unaandika. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2008. Nilikuwa nasomea uvuvi, tuko wanafunzi wanne na msichana ni mimi peke yangu. Tuliondoka Nyegezi, Mwanza, giza likiwa bado halijapasuka, ndani ya boti ya mbao yenye mashine ndogo, tukalikata ghuba kuelekea upande wa Sengerema. Tulibeba gunia la michembe ya viazi vikavu, unga wa muhogo, darubini mbili, na madaftari yaliyofungwa kwenye mifuko ya nailoni yasilowe.

Usukani aliushika mzee mmoja aliyeanza kuvua akiwa mtoto, nyavu zikiwa bado za nyuzi za pamba, kabla nailoni haijafika ziwani. Sote tulimwita Babu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kisiwa cha Mafia. Alikuwa amemaliza miaka kadhaa pwani akihesabu nguva na pomboo, na kazi ikamleta Mwanza, kwenye ziwa lisilo na nguva wala pomboo. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na wanyama wake wanyonyeshao wanaoishi majini ni viboko na fisi maji. Wengi wetu tuliozaliwa kandokando ya ziwa hili hatujawahi kukaa chini tukajiuliza wamebaki wangapi. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku ya kwanza nilijifunza kwamba macho hudanganya. Fisi maji akiogelea hutoa kichwa tu, na ndege mnandi akiogelea hutoa shingo, na kwa mbali, jua likiwa usoni, vyote viwili ni kijiti cheusi juu ya maji. Niliandika fisi maji wanne kabla Babu hajanigusa bega. "Mjukuu wangu, subiri azame halafu aibuke. Mnandi anaruka juu kidogo ndipo azame. Fisi maji anateleza kama mafuta, na mkia ndio unaomalizia." Nikasubiri. Wote wanne walikuwa minandi.

Siku ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Tulifika kwenye kihori, yaani ghuba ndogo, chenye mafunjo mazito, viboko wamelala majini. Mwalimu alizima mashine, akanikalisha mimi mbele ya boti na mwenzangu nyuma, tupeane mgongo, tusiambizane neno. Kila mmoja akachora mchoro wake: kiboko yuko wapi, ana sikio lililochanika au kovu gani. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji dakika tano na zaidi, kwa hiyo tulikaa hapo nusu saa nzima huku Babu akiishika boti kwa pondo isisogee. Mimi niliona viboko wanane, mwenzangu sita. Tulipolaza michoro yetu pamoja, wanne walikuwa ni walewale.

"Haya," Mwalimu akasema, "kwa pamoja mmeona wangapi?"

Tukahesabu. Wanane wangu, na wawili wa mwenzangu ambao mimi sikuwaona. Kumi.

"Na wako wangapi?"

Tulitazamana. Alichukua penseli akaandika kwenye ubao wa boti: 8 mara 6, gawanya kwa 4. Kumi na mbili. Akatueleza kwamba kama katika sita wa mwenzangu mimi nilibahatika kuona wanne tu, basi macho yangu yanakamata wawili katika kila watatu. Wanane niliowaona mimi ni theluthi mbili ya waliopo. Kwa hiyo hapa pana wawili ambao si mimi wala yeye aliyewaona, na wawili hao tusipowaandika tutakuwa tumewafuta.

Babu aliacha kazi ya pondo akauangalia ule ubao kwa muda. "Hao wawili," akasema, "wako wapi sasa?"

Mwalimu akamwonyesha maji. Sikuwahi kufikiri hesabu inaweza kumwona mnyama ambaye macho hayakumwona, na nakiri hadi leo nikiikumbuka ile penseli kwenye ubao mwili unanisisimka.

Jioni, tukipika, alituambia habari za kwao. Nguva hukaa maji ya kina kifupi, anakula majani ya baharini, na akija kuvuta pumzi hutoa pua tu, sekunde chache, kisha haonekani tena kwa dakika kadhaa. Hata ukipita na ndege juu yake, maji yakiwa na tope humwoni. Pomboo wa Kizimkazi, kule Unguja, wanahesabiwa kwa picha: pezi la mgongoni hukatika na kuchanika kwa namna ambayo haifanani kwa wawili, kwa hiyo ukiwapiga picha leo na ukawapiga tena mwezi ujao, unajua nani amerudi na nani mgeni. Ni hesabu ileile ya kihori chetu. Pomboo hao hao, alisema, waliwahi kuvuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa, kabla watalii hawajaanza kuja kuwaangalia. Kilichobaki kuwaua ni nyavu.

Hapo kwenye nyavu alikaa sana. Jarife, wavu wa matundu makubwa, hutegwa kwa ajili ya papa na samaki bapa aitwaye taa, lakini halichagui. Nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na anaweza kukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Ukimtoa mmoja aliyekomaa hujatoa mmoja tu. Kisha akatusimulia juu ya pomboo wa mto Yangtze, huko China, ambaye makazi yake yote yalikuwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kama yetu. Mwishoni mwa mwaka 2006 wataalamu walipanda meli mbili, wakautafuta mto huo kwa wiki sita, kwenda na kurudi, kwa darubini na kwa vyombo vya kusikiliza chini ya maji. Hawakumwona hata mmoja. Mto una watu, una meli, una nyavu na ndoano. Nilimuuliza kama hesabu ile ya wawili tusiowaona ingeweza kuwapata. "Ukiona sifuri na mwenzako akaona sifuri," alinijibu, "hakuna cha kugawanya."

Siku ya nne tulifika kwenye mwalo mmoja mkubwa, kambi ya wavuvi ufukweni, vichanja vya dagaa vimejipanga hadi kwenye mawe. Hapo kazi ilikuwa maswali. Nilikuwa na fomu, na swali la saba liliuliza hivi: Je, umewahi kunasa fisi maji au kiboko kwenye wavu wako? Niliwauliza wavuvi kumi na mmoja. Kumi na mmoja walisema hapana. Nikaandika sifuri kumi na moja, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri.

Kiboko walimzungumza bila woga, na kwa uchungu. Analala majini mchana, usiku anapanda shambani, na mahindi ya familia nzima huisha kwa usiku mmoja. Mama mmoja alinionyesha njia yake ya kuteka maji, akanionyesha na mahali ambapo jirani yake aliuawa. Mafunjo waliyoyachoma ili kupata mashamba ndiyo yaliyokuwa yakimtenga kiboko na watu, na hilo walilijua kuliko mimi, lakini ardhi imekwisha na watoto wanakula kila siku. Sikuwa na la kuwaambia. Niliandika walivyosema.

Lakini nikitaja fisi maji, sura zilifungwa.

Babu alinifuata nikiwa nimekaa kwenye jiwe najumlisha zile sifuri. "Hiyo karatasi yako inauliza kama polisi," alisema. "Ungekuwa wewe, ungejibu nini?" Kisha akaniuliza kama nimeona nyavu zao ni za aina gani. Nilikuwa nimeziona. Nyingi zilikuwa timba, uzi mmoja wa plastiki, mwembamba, hauonekani majini na hauozi. Timba ilikuwa imekatazwa, na ikikamatwa ilichomwa moto. Mtu akikubali kwamba wavu wake umenasa fisi maji, swali la pili litakuwa wavu gani.

Nilimpelekea Mwalimu. Hakushangaa. Alisema Rufiji na Mafia ilikuwa vivyo hivyo, ukiuliza nani ameua nguva hakuna ajuaye nguva ni nini. Alipoanza kuuliza "mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini, na baba yako alikuwa akiwaona wapi," wazee walizungumza hadi usiku wa manane. Kosa la swali la saba lilikuwa langu pia, kwa sababu niliona sura zikifungwa nikaendelea kusoma.

Kesho yake sikubeba fomu. Nilikwenda kuwasaidia kina mama kugeuza dagaa. Tulizungumza bei, tukazungumza mbalamwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa na kambi nzima hulala. Babu alikaa pembeni akieleza jinsi miamba ile ilivyokuwa zamani, furu, wale samaki wadogo, wamejaa hadi unawachota kwa kikapu, na fisi maji wakiwinda kwa makundi mchana kweupe. Hiyo ni kabla ya sangara, samaki mkubwa alaye samaki wenzake. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, na aina za furu zilipotea kwa mamia. Fisi maji aliyezoea kukamata furu miambani sasa huja kumtafuta samaki pale walipo wengi na hawakimbii, yaani kwenye wavu.

Jua lilipoanza kuinama, mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa karibu nami alifuta mikono kwenye khanga. "Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo, "njoo nikuonyeshe kitu. Lakini usiandike jina la mtu."

Nyuma ya kibanda chao palikuwa na karai limefunikwa kwa gunia. Ndani alikuwamo fisi maji, amenasa usiku uliopita. Mume wake alikuwa hajajua amzike au amtupe.

Sikuwahi kumwona kwa karibu. Manyoya ya juu yalikuwa ya kahawia, mazito, na nilipoyapuliza chini yake palikuwa pakavu kabisa, maji ya ziwa yalikuwa hayajafika kwenye ngozi. Vidole vilikuwa vimeunganishwa kwa ngozi hadi kwenye kucha. Sharubu zilikuwa nyeupe, ngumu, na uzi wa timba ulikuwa umepita katikati yake ukazunguka shingo mara tatu, umekaza hadi umezama ndani ya manyoya. Nilihesabu mizunguko kwa kidole. Samaki akinasa saa mbili usiku unaweza kumkuta hai asubuhi. Fisi maji anavuta hewa kama mimi, ana dakika chache tu.

Kooni alikuwa na madoa meupe yenye rangi kama ya maziwa, moja limekaa kama jani la muhogo. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba madoa hayo hayafanani kwa wawili, kama mapezi ya pomboo. Nilitoa daftari, nikamwangalia yule mama, akatikisa kichwa kukubali. Nikachora koo lile hadi giza likanizuia. Mama alinishikia taa.

Mume alitukuta hapo. Alikuwa kijana tu, hanizidi sana. Hakufoka. Alisema wavu ule aliununua kwa mkopo, na fisi maji huyu ameuchana mara mbili kabla ya kunasa, na yeye hakumtega. "Nikutege wewe nipate nini?" alimwambia yule mnyama, si mimi. Nilimwambia pole, nikimaanisha wote wawili. Tulimzika kwenye mchanga, juu ya alama ya maji.

Usiku Mwalimu aliutazama mchoro wangu muda mrefu. Aliongeza safu mpya mwishoni mwa daftari, safu ya waliokufa, bila jina la mtu wala la mwalo. Mbele yake nikaandika: 1, wavu.

Asubuhi ya siku ya sita, tukiwa tumeshapakia mizigo, yule kijana alikuja ufukweni peke yake. Alimwamkia Babu, akamwamkia Mwalimu, kisha akasimama ameshika ukingo wa boti.

"Juzi dada huyu aliniuliza swali nikamjibu hapana," alisema. "Si mmoja. Ni watatu, tangu mvua za mwezi wa tatu. Huyu wa jana, na kabla yake jike na mtoto wake, walinasa wavu mmoja."

Hakuna aliyesema neno. Nilifungua daftari nikaitafuta sifuri yake kati ya zile kumi na moja, nikachukua raba.

"Usifute," Mwalimu alisema. "Pitisha mstari mmoja, jibu la kwanza lisomeke."

Nikapitisha mstari juu ya sifuri, nikaandika 3 pembeni yake. Kijana aliinama hadi akaiona ile tarakimu, akaitikia kwa kichwa, kisha akaingia majini hadi magotini akatusukumia boti.