Baraji ya Ruzizi inakabwa na chupa zetu

Wandugu wa Bukavu, kila kuran ya umeme ikikatika tunaanza kuongelea baraji mpya, Ruzizi 3 itaanza lini, umeme wa Inga, baraji kubwa ya mto Kongo, utatufikia lini, lakini ile tuko nayo hapa Mururu hakuna anayeigusa. Ruzizi 1 ni ya mwaka 1958, wakati wa Wabelgiji, iko na mashini 4 na zote pamoja hazifiki megawati 30. Mashini ya umri ule lazima uisimamishe kila mara, uifungue, uisafishe, ubadilishe vipande, na kipande chenyewe hakiko sokoni, kinatengenezwa kwa komandi, unaagiza halafu unangoja.

Na sisi tunaiongezea uchafu. Mvua ikipiga komini yetu ya Kadutu, chupa, masashe ya plastiki, kandambili, vyote vinashuka na mifereji mpaka ziwani, na sababu ziwa Kivu liko na mlango mmoja tu wa kutokea, ndio huo mto Ruzizi, vinakuja kurundikana mbele ya baraji, kuna siku huoni maji, unaona chupa tu. Chupa inayoelea ni afadhali, vijana wanaingia na mtumbwi wanazoa. Kibaya ni sashe iliyolowa, ile inazama inajibandika kwenye vyuma vilivyowekwa kuchuja maji yanayoingia, maji yanapita kidogo, mashini inakosa nguvu, mwisho wanaizima. Na maji hayohayo ndiyo yanashuka Ruzizi 2, ya mwaka 1989, ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi, kwa hiyo tunawaharibia na majirani.

Kule Katanga, Mwadingusha ni ya 1930, imezeeka kuliko yetu, lakini mashini zake 6 zimetengenezwa upya zote, kazi ikaisha 2021, sababu mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula ulihitaji umeme ukatoa pesa. Hapa hakuna mgodi wa kutulipia, tuko na wamama wa saluni, mafundi wa kusudia vyuma, washonaji, kila mtu na fakitire yake ya kulipa umeme. Basi kwenye hizo fakitire kitengwe kiasi cha kutunza baraji tu, na kila mwaka tuambiwe kimenunua nini. Wenye kutengeneza vinywaji nao wanunue tena chupa zao tupu, hata kwa pesa kidogo, utaona watoto watakavyoziokota. Na nyavu ziwekwe kwenye midomo ya mifereji inayoingia ziwani, mbele mvua ya Septemba ianze.