Waombe wakuandikie

Jumanne asubuhi nilienda soko la Majengo kumchukulia mama mlenda mkavu (bado yupo kwangu, mguu unamsumbua). Nikamwamkia mama muuzaji, akaitika marahaba, halafu akaniangalia weee, kikombe cha kupimia kipo hewani.

"We si ndo mlinzi wa yule tajiri?"

"Ndo mimi mama."

"Uko vizuri mwanangu. Ila mbona huongei? Kufungua geti, kufunga geti. Waombe na wewe wakuandikie maneno, usiogope."

Waombe wakuandikie. Nimuombe nani sasa? Huyo tajiri wa kwenye tamthilia nimemuandika mimi, na mke wake, na binti yake, na geti lenyewe. Nikacheka cheka, nikalipa, nikaondoka, na tangu siku hiyo nimeshamjibu yule mama mara arobaini, nikifua namjibu, nikioga namjibu, Alhamisi ndani ya treni naenda Dar kwenye usaili (sijapata, wamemchukua mrefu) namjibu, hadi juzi mdogo wangu kajifungua, wa kike, wote wazima, nimempakata mtoto huku kichwani nipo Majengo nabishana.

Mlinzi nilimpa sentensi nne makusudi. Mtu wa getini anaruhusiwa kukaa lokesheni kutwa, kwahiyo upepo ukiingia kwenye maiki na dairekta akaamua sini inahamia ndani (mnaujua upepo wa Dodoma, na ile nyumba ya Kisasa haina hata mti) mimi nipo hapo hapo kwenye kiti cha plastiki na yunifomu yangu narekebisha skripti. Halafu hela ya mlinzi inatoka jioni ile ile, ya skripti ndo ile ya "wiki ijayo kaka". Na jina la mwandishi linapita mwishoni, herufi za sisimizi, watu washainuka kupakua ugali.

Ila sijawaambia kilichoniuma hasa. Wakati anafunga mfuko akasema, "Yule binti sasa, yule anajua kuongea! 'Vyumba sita baba, na bado unalala njiani.' Nililia mie. Ana akili yule mtoto."

Ana akili! Siku ile kasahau mara tano, mimi ndo nilikuwa namnong'oneza toka nyuma ya geti.

Sasa jana usiku nikafungua skripti, sijui nilikuwa natafuta ushahidi wa kumpelekea nani. Nilichoandika mimi ni hiki: "Baba, umejenga nyumba kubwa ya vyumba sita lakini hakuna hata chumba kimoja ambacho unakifahamu." Nikaangalia na kipande chenyewe, binti kaisema vile vile, neno kwa neno, maskini. Kulala njiani hakuna aliyekusema. Hayo ni maneno ya mama wa mlenda. Kaondoka na sentensi yangu, kaipepeta huko huko kwake, pumba zote chini.

Nikaisema kwa sauti, peke yangu sebuleni. Tena. Tamu jamani.

Basi, msimu ujao mlinzi anapata sentensi ya tano. Na mlenda nitafuata tena kabla haujaisha, nikakae pale kidogo.

Baba kapiga sasa hivi toka Hombolo, zabibu zimeiva zote na yule mnunuzi aliyesema anakuja Ijumaa hapokei simu. Mama kaniuliza nani huyo usiku huu, nimemwambia mambo ya kazi.