Laptopu za mtumba, Xfce, na fundi aliyetaka kufomati

Tangu Windows 10 ikatiwe huduma Oktoba 14, 2025, kila anayeingia kwenye steshenari yangu ana ushauri uleule: uza hizo mashine, nunua mpya. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na Dell Latitude zangu mbili za mtumba, zenye RAM ya GB 4, hazina kitu hicho. Ninunue mpya kwa hela ipi, hii ya kutoa kopi? Nikaweka Debian, ambayo ni aina ya Linux ya bure, yenye Xfce, yaani mazingira mepesi ya madirisha na menyu unayoyaona kwenye skrini. Kuiweka kwenyewe hakuna cha kusimulia, unajibu maswali mpaka yanaisha.

Xfce ilianzishwa na Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996, na nembo yake ni panya. Wateja wakimwona huyo panya kwenye skrini wanacheka, nami nawaacha wacheke, kazi zao zinatoka.

Sasa nije kwa fundi. Kijana wa mtaani, alikuja kujaza wino wa printa, akaitazama Xfce kwa huruma. "Bosi, hii mbona imekaa kizee?" Akaniomba aweke programu ya mbwembwe: madirisha yananesa ukiyasogeza, yanawaka moto ukiyafunga. Nilikuwa nimebanwa na wateja, nikamwambia haya, weka. Kufika jioni mashine inaburura miguu, hata kufungua barua ya ukurasa mmoja ni kusubiri. Akaifuta hiyo programu yake, akazima mashine, akaaga.

Asubuhi nawasha, nakuta vituko. Kila dirisha ninalofungua linakwenda kujibana kona ya juu kushoto, halina kichwa, halina kitufe cha kulifunga, halisogei. Nikiandika, herufi haziingii. Mlangoni wanafunzi wa chuo wamejipanga na ripoti zao za fildi, kila mmoja mwisho wake wa kuwasilisha ni leo. Nikampigia fundi. "Aaah, bosi, hapo ni kufomati tu. Andaa elfu thelathini." Nikamwambia apumzike.

Jambo ambalo fundi hakulijua ni kwamba Xfce si kitu kimoja. Kuna programu inayochora paneli (ule mstari wa vitufe), nyingine inayoshika picha ya nyuma, na nyingine, xfwm4, inayobeba madirisha: vichwa, vitufe, kusogeza, na kuamua herufi ziende dirisha gani. Ile ya mbwembwe ilikuwa imechukua nafasi ya xfwm4. Wakati wa kuzima, kile kisanduku kilichoandikwa "Save session for future logins" kilikuwa na tiki, kwa hiyo Xfce ikakariri nani alikuwa kazini jana yake. Asubuhi ikamwita yule yule. Keshafutwa, na xfwm4 haimo kwenye orodha. Ndiyo maana madirisha yakabaki yatima.

Nikabonyeza Ctrl+Alt+F2. Skrini ikawa nyeusi, ikaniomba jina na nywila, nikaingia na kuandika:

DISPLAY=:0 xfwm4 --replace &

Kisha Ctrl+Alt+F7 kurudi kwenye picha. Vichwa vyote vimerudi mahali pake! Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ananichungulia akasema, "Kumbe mzee ni hacker." Sikumsahihisha. Nikaifuta folda ya .cache/sessions, ambamo Xfce huhifadhi ile orodha yake, nikatoka bila kuweka ile tiki, nikaingia upya, tukaendelea kuprinti. Elfu thelathini ya fundi ikaenda kwenye karatasi, na ya soda ikabaki.

Hapo hapo nikaweka kitufe kwenye paneli chenye amri ya xfwm4 --replace. Msaidizi wangu hajui Linux ni nini na hahitaji kujua; vichwa vikipotea anabofya pale, maana kipanya hufanya kazi hata kibodi ikigoma.

Ninalojivunia zaidi ni Thunar, yaani programu ya mafaili. Vijana wanaoomba ajira mtandaoni wanaleta barua na wasifu wa Word, wanataka PDF. Zamani ni kufungua moja moja. Sasa nimeingia kwenye menyu ya Edit, "Configure custom actions", nikaunda tendo nililoliita Geuza PDF, amri yake hii:

libreoffice --headless --convert-to pdf %F

Kwenye kurasa ya masharti nikaandika *.doc;*.docx na kutia tiki "Other Files". Bila tiki hiyo tendo halitokei na utajiona umerogwa. Sasa nachagua mafaili kumi, kitufe cha kulia, Geuza PDF, basi. Ila funga LibreOffice (programu ya ofisi inayofungua mafaili ya Word) kwanza. Ikiwa wazi, wakati mwingine amri inapita kimya na hakuna kinachotoka. Na PDF ikiwa nzito mpaka tovuti inaikataa, nina tendo la pili:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf %f

Vyeti vilivyoskaniwa hapo vinapungua sana. Kumbuka kubadilisha jina la ndogo.pdf kabla ya mteja anayefuata, la sivyo cha huyu kitafunikwa na cha yule. Majina ya skana pia yasikusumbue: chagua yote, bonyeza F2, unayabadilisha kwa mkupuo.

Kuna mjuaji mwingine aliyeniambia nizime kompozita, yaani sehemu ya xfwm4 inayochora vivuli na kukuza skrini, ili mashine iwe nyepesi. Nilizima, tofauti sikuiona, nikapoteza kitu ninachokipenda: ukishika Alt na kuzungusha gurudumu la kipanya, skrini nzima inakuzwa. Kuna babu mmoja huja kuandikiwa barua za mafao, miwani yake haimsaidii tena. "Shikamoo babu, hebu soma jina lako hapa." Anasoma mwenyewe, anagundua herufi iliyokosewa, tunarekebisha kabla ya karatasi kuharibika. Kompozita nimeirudisha, nimezima vivuli tu.

Alt hiyo hiyo inaokoa pale dirisha linapozidi urefu wa skrini na kitufe cha OK kimezama chini. Shika Alt, buruta popote katikati ya dirisha, linapanda.

Flashi za wateja nazo. Ile ya "mafaili yangu yamegeuka shortcut" hainitishi: virusi huficha folda halisi kwa alama ya Windows, na Linux haiijali alama hiyo, kwa hiyo naziona zote wazi. Nafuta takataka, namrudishia mtu kazi yake, ananilipa anachojisikia.

Mashine ya pili nilipotaka ifanane na ya kwanza nilinakili folda mbili tu, .config/xfce4 na .config/Thunar (zimefichwa; ndani ya Thunar Ctrl+H ndiyo inayozionyesha). Nakili ukiwa kwenye ile skrini nyeusi ya Ctrl+Alt+F2, kabla hujaingia kwenye picha. Ukishaingia, Xfce ina mipangilio yake kichwani na itaandika juu ya uliyoleta. Fundi anataka nimfundishe haya. Nimemwambia bei ni elfu thelathini.