Pasi mia moja katika msimu mmoja

Saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikisubiri mchezo wa saba wa fainali ya NHL, ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafuni, kati ya Florida Panthers na Edmonton Oilers. Mjomba wangu, ambaye saa hizo huwa anajiandaa kwenda Deep Sea kupokea samaki, alivuta kigoda akaketi kando yangu na kuniuliza swali aliloniuliza karibu msimu mzima: "Mjomba, yule wa pasi leo anacheza?"

Alimkusudia Connor McDavid, nahodha wa Edmonton. Mjomba hajalishika jina lake, lakini mchezo wake ameuelewa, na nadhani ameuelewa kwa sababu nilimwanzishia pale pale uliponinasa mimi mwenyewe, yaani kwenye hesabu ya pointi.

Katika ligi hii bao moja halimpi sifa mfungaji peke yake. Mchezaji akifunga hupata pointi moja, na wenzake wawili wa mwisho walioigusa paki kabla yake hupata kila mmoja pointi moja kamili, sawasawa na ya mfungaji. Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake kama sentimita mbili na nusu, uzito wake takriban gramu 160, ambacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidundedunde juu ya barafu. Wachezaji watano wa ndani na kipa mmoja kwa kila upande hukikimbilia kwa vipindi vitatu vya dakika 20, na kwa kuwa mbio zile huchosha mno, mchezaji hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja kisha huruka ukuta na kumpisha mwenzake huku mchezo ukiendelea. Katika hali hiyo bao karibu kila mara ni kazi ya watu watatu, na waandishi wa matokeo huwaandika wote watatu.

Nimekulia karibu na uwanja wa Mkwakwani, katika mji ambao hadi leo huzungumza juu ya ubingwa wa Coastal Union wa mwaka 1988. Wazee hukumbuka nani alifunga, dakika ya ngapi na kwa mguu gani, lakini ukiwauliza pasi ilitoka kwa nani wanaanza kubishana, kwa kuwa hakuna aliyeiandika. Ndiyo maana tangu Oktoba 2023, msimu ulipoanza, niliweka daftari la kurasa mia mbili nikalipiga mistari yenye safu mbili: mabao upande wa kushoto, pasi za mabao upande wa kulia. Timu zilikuwa 32, kila moja ikicheza michezo 82 kabla ya hatua ya mtoano, kwa hiyo niliwafuatilia wachezaji wachache tu niliowachagua. Hadi Aprili safu ya kulia ilikuwa imejaa kuliko nilivyowahi kutarajia.

Kutoa pasi mia moja za mabao katika msimu mmoja ni jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa limefanywa na watu watatu tu katika historia yote ya ligi hiyo. Bobby Orr, aliyekuwa beki, alizifikisha 102 katika msimu wa 1970/71. Mario Lemieux alifanya hivyo mara moja. Na Wayne Gretzky alifanya hivyo mara kumi na moja, ya mwisho ikiwa msimu wa 1990/91. Baada ya hapo ikapita miaka 33 bila mtu. Kisha, ndani ya wiki moja, wakafika wawili. McDavid alitangulia tarehe 15 Aprili 2024, katika mchezo ambao Edmonton iliifunga San Jose Sharks mabao 9 kwa 2. Siku mbili baadaye, katika mchezo wa mwisho wa timu yake, Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning naye akazitimiza, akawa winga wa kwanza kabisa kufika hapo.

Usiku ule wa Tampa ningependa niueleze zaidi, kwa kuwa wapinzani walikuwa Toronto Maple Leafs, na katika Toronto alikuwamo Auston Matthews, mfungaji bora wa msimu, aliyeingia uwanjani akiwa na mabao 69. Alihitaji moja tu afikishe 70. Yaani juu ya barafu moja, usiku mmoja, walikuwepo mtu anayetafuta bao la sabini na mtu anayetafuta pasi ya mia. Wenzake Matthews walimpa paki kila walipopata upenyo, akapiga na kupiga, lakini halikuingia. Kwa upande mwingine Kucherov alihitaji mwenzake afunge, na mwenzake alifunga. Mwenye kutafuta bao hutegemea mkono wake na upungufu wa kipa. Mwenye kutafuta pasi akishaitoa, kilichobaki kimo mikononi mwa mtu mwingine, naye hana la kufanya ila kutazama. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ni ngumu zaidi. Hata hivyo mabao 69 ya Matthews si ya kupita juu juu: idadi hiyo haikuwa imefikiwa tangu Lemieux alipofunga 69 katika msimu wa 1995/96.

Kucherov alimaliza na mabao 44 na pasi 100, jumla pointi 144, akaongoza ligi nzima. Nyuma yake alikuwa Nathan MacKinnon wa Colorado Avalanche mwenye pointi 140, ambaye alipata angalau pointi moja katika kila mmoja wa michezo 35 ya kwanza ya nyumbani, na huyu ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi wa msimu. Sina ugomvi na uchaguzi huo. McDavid alikuwa wa tatu kwa pointi 132, mabao 32 tu na pasi 100. Miongoni mwa mabeki aliongoza Quinn Hughes wa Vancouver kwa pointi 92, na kijana Connor Bedard wa Chicago, aliyeuanza msimu akiwa na miaka 18, alivunjika taya mwezi Januari, akarudi, na bado akapata pointi 61 katika michezo 68.

Watu huniuliza barafu inanihusu nini mimi mtu wa Tanga. Inanihusu kila siku, kwa maana ninaandika hesabu za wafanyabiashara wa samaki, na barafu ndiyo matumizi yao makubwa baada ya samaki wenyewe. Nimeingia mara nyingi katika kiwanda kidogo cha barafu na kutazama inavyotengenezwa: maji baridi ya kunywa humiminwa katika madebe marefu ya chuma, na madebe hayo hutumbukizwa ndani ya tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa mno, ambayo kwa sababu ya chumvi hayagandi hata yanapokuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Yale ya ndani ya debe huganda taratibu kuanzia pembeni kuelekea katikati, na pande likitolewa huwa angavu kingoni na jeupe moyoni. Katika viwanja vingi vya hoki kanuni ni ile ile, ila huko umajimaji uliopozwa hupita katika mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu ya zege, na maji hunyunyiziwa juu yake tabaka kwa tabaka mpaka pawe na barafu ya unene wa sentimita chache, urefu wa mita 61 na upana wa mita 26.

Pande la barafu linaposukumwa juu ya saruji iliyolowa pale sokoni, huondoka kama halina uzito. Kijana mmoja hulipa msukumo kwa kiganja, mwenzake hulipokea mita kumi mbele bila kuinua kichwa, kwa kuwa anajua litafika wapi. Nilipoona kwa mara ya kwanza McDavid akitoa pasi ya mgongoni kwa mtu ambaye hakuwa bado amefika mahali pale, nilikuwa nimeshauona mchezo huo Deep Sea.

Msimu wa Edmonton wenyewe ulianza vibaya. Katika michezo 13 ya mwanzo walishinda mitatu, na tarehe 12 Novemba kocha Jay Woodcroft akaondolewa, nafasi yake akapewa Kris Knoblauch, ambaye aliwahi kumfundisha McDavid alipokuwa kijana. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Januari wakashinda michezo 16 mfululizo, pungufu kwa mmoja tu ya rekodi ya Pittsburgh Penguins ya msimu wa 1992/93. Wakapita hatua za mtoano kwa kuzitoa Los Angeles, Vancouver na Dallas, wakafika fainali wakiwa na hamu ya kombe ambalo mji wao haukulipata tangu mwaka 1990, na ambalo hakuna timu ya Kanada iliyolichukua tangu Montreal mwaka 1993.

Florida nao walikuwa hawajalichukua hata mara moja, na mwaka mmoja kabla walipoteza fainali mbele ya Vegas. Wakashinda michezo mitatu ya kwanza, na kombe huchukuliwa na anayetangulia kushinda minne. Wengi wakasema kwisha kazi, kwa kuwa aliyewahi kurudi kutoka nyuma ya mitatu kwa sifuri katika fainali na kulichukua kombe ni Toronto tu, mwaka 1942. Mchezo wa nne Edmonton wakashinda 8 kwa 1, na kipa wa Florida, Sergei Bobrovsky, akatolewa baada ya kufungwa matano. McDavid siku ile alipata pointi nne, na moja ya pasi zake ikaivuka rekodi ya pasi 31 katika mtoano mmoja, aliyoiweka Gretzky mwaka 1988, mwaka ule ule wa Coastal. Mchezo wa tano akapata tena nne. Wa sita Edmonton wakashinda 5 kwa 1, ikawa tatu kwa tatu.

Lakini katika mchezo huo wa sita McDavid hakupata pointi, na katika daftari langu palikuwa na sifuri mbili mbele ya jina lake. Tulipokuwa tunatazama mchezo wa saba nilielewa kwa nini. Kila alipoingia uwanjani, nahodha wa Florida, Aleksander Barkov, alikuwa karibu naye, na mabeki, hasa Gustav Forsling, walimwachia nafasi nje na kumfungia njia ya kati, hivyo pasi zake zikawa zinakwenda pembeni zisikoweza kuleta madhara. Barkov alitunukiwa mwaka ule tuzo ya mshambuliaji anayezuia vizuri kuliko wote, na nakiri kwamba daftari langu la safu mbili halikuwa na mahali pa kuiandika kazi yake. Nimeshalichorea safu ya tatu.

Carter Verhaeghe aliifungia Florida mapema, Mattias Janmark akasawazisha baada ya dakika mbili na ushei, na katika kipindi cha pili Sam Reinhart, aliyekuwa amefunga mabao 57 katika msimu wa kawaida, akapiga la pili. Kipindi cha tatu chote kilikuwa cha Edmonton kusukuma na Bobrovsky kuokoa. Mashuti 24 yalielekezwa kwake usiku ule, akapitwa na moja. Mjomba alikuwa amesimama, kikapu mkononi, hataki kuondoka. Ikaisha 2 kwa 1.

Kisha wakatangaza mchezaji bora wa mtoano mzima, na jina likawa McDavid, mtu wa timu iliyoshindwa, mwenye pointi 42, na 34 kati yake zikiwa pasi. Asiyekuwa kipa kupata tuzo hiyo akiwa upande wa walioshindwa ilikuwa imetokea mara moja tu, kwa Reggie Leach mwaka 1976. Naona walitenda haki. Meza ikaandaliwa juu ya barafu, watu wakasubiri, lakini yeye hakutoka chumbani kuja kuichukua.

Nikamweleza Mjomba, maana sauti ya simu ilikuwa ndogo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hata mimi nisingetoka," akaiweka sawa kofia yake, akashika njia ya Deep Sea kuwahi barafu kabla haijaisha.