Kutoka Bushnell hadi Big Cypress: nilipopita kwenye vita vya Waseminole

Niliondoka Tampa asubuhi kuelekea Bushnell, safari ambayo Meja Francis Dade wa jeshi la Marekani na askari wake zaidi ya 100 waliifanya kwa miguu Desemba 1835 wakienda Fort King, ngome ya jeshi hilo. Uwanja wa mapambano sasa ni hifadhi ya misonobari na vichaka vya palmeto. Ukisimama njiani unaona jinsi mtu anavyoweza kujibanza hatua chache tu kutoka ulipo, usimwone. Tarehe 28 kulikuwa na baridi, na askari walikuwa wamefunga makoti juu ya mikoba yao ya risasi. Chifu Micanopy wa Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, alifyatua risasi ya kwanza, Dade akafa palepale. Walionusurika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku hiyohiyo Osceola, kiongozi wa wapiganaji wa Waseminole, alimuua Wiley Thompson, wakala wa serikali, nje ya Fort King.

Sheria ya Rais Andrew Jackson ya 1830, na Mkataba wa Payne's Landing wa 1832, viliwataka Waseminole waiache Florida wahamie magharibi ya mto Mississippi. Ila haikuwa ardhi peke yake. Kati yao waliishi watu weusi, wengi wao watoro wa mashamba ya Georgia na Carolina na vizazi vyao. Walikuwa na vijiji vyao, walilima, waliwapa machifu sehemu ya mavuno, na walishika bunduki. Kwao kushindwa kulimaanisha kurudi utumwani. Jenerali Thomas Jesup, kamanda wa jeshi la Marekani huko Florida, mwenyewe aliandika mwaka 1836 kwamba vita hivi ni vya watu weusi, si vya Wahindi Wekundu.

St. Augustine ndipo nilipokaa kwa muda mrefu. Ngome ya Castillo de San Marcos imejengwa kwa kokwina, jiwe lililotokana na makombe madogo yaliyoshikamana. Nilipitisha vidole ukutani nikahisi kingo zake moja moja, mithili ya kuta za matumbawe za miji yetu ya pwani. Oktoba 1837 Osceola alikuja kwenye mazungumzo chini ya bendera nyeupe. Kwa amri ya Jesup akakamatwa, akaletwa humu. Nilisoma habari hiyo nikiwa ndani ya ngome yenyewe na hasira ikanipanda. Bendera nyeupe ni amana, na jeshi zima liliikanyaga.

Katika chumba kimoja kuna kidirisha chembamba, juu kabisa karibu na dari. Coacoochee, kiongozi mwingine wa Waseminole aliyefungwa humu, alisimulia baadaye kwamba alijinyima chakula hadi akakonda, akapenya hapo, akateremka kwa kamba. Ilikuwa usiku mmoja mwishoni mwa Novemba. Watu wapatao 20 walitoroka, akiwemo John Horse, kiongozi wa Waseminole weusi. Siku ya Krismasi Coacoochee na John Horse walikuwa tayari Okeechobee wakipambana na Kanali Zachary Taylor, ambaye baadaye alikuwa rais. Osceola, mgonjwa, alibaki. Alifia Fort Moultrie, South Carolina, tarehe 30 Januari 1838.

Kutoka hapo ni mwendo mrefu kusini hadi Big Cypress, nchi ya vinamasi, mamba, na majani yanayokata ngozi. Huku ndiko jeshi lilikoshindwa kuwafikia. Vita hivi, vya pili kati ya Waseminole na Marekani, vilisitishwa mwaka 1842 bila mkataba wa amani, baada ya askari wa Marekani wapatao 1,500 kufa, wengi kwa maradhi. Maelfu ya Waseminole walikuwa wamehamishwa. Vita vya tatu, 1855 hadi 1858, viliwaondoa wengine pamoja na kiongozi wao Billy Bowlegs. Mzee Abiaka, kiongozi mwingine wa Waseminole, hakukubali kuondoka, na mia chache walibaki naye vinamasini.

Vizazi vyao ndio wenye Makumbusho ya Ah-Tah-Thi-Ki hapa Big Cypress, yaliyofunguliwa mwaka 1997. Nyuma yake kuna njia ya mbao inayopita katikati ya miti ya msipresi, na vibanda visivyo na kuta, vimeezekwa makuti ya palmeto. Watalii wengi huishia ngomeni St. Augustine. Ukipata nafasi ya kwenda sehemu moja tu, nenda Big Cypress uwasikilize wenyewe.