Tuzo ya Uchumi na Washindi Wake wa Mwanzo

Wengi wetu huiita Tuzo ya Nobel ya Uchumi, ilhali Alfred Nobel hakuutaja uchumi miongoni mwa tuzo alizoziagiza katika wosia wake wa mwaka 1895. Iliyoanzisha tuzo hii ni Benki Kuu ya Sweden, mwaka 1968, ilipotimiza miaka 300, na kazi ya kuteua washindi ikakabidhiwa Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya nchi hiyo, ambayo tayari ilikuwa ikitoa tuzo za fizikia na kemia. Kwa hiyo mgeni huyu alilazimika kuonyesha kwamba anastahili kuketi na wenyeji wake, na nadhani haja hiyo inaueleza uteuzi wa miaka ya mwanzo kuliko sababu nyingine yoyote.

Utaratibu ulifuata ule wa tuzo za zamani: maprofesa walioalikwa na washindi waliotangulia hupeleka mapendekezo kabla ya Januari kwisha, kamati ndogo huyachambua, kisha akademia hutoa uamuzi wa mwisho. Washindi wa mwaka mmoja hawazidi watatu, na marehemu hapendekezwi, ndiyo maana John Maynard Keynes, mchumi mashuhuri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1946, hakuwa na nafasi.

Kamati ya kwanza, iliyoongozwa na Bertil Ohlin, ilianza na watu ambao kazi yao ilifanana zaidi na sayansi asilia. Mwaka 1969 ilimteua Ragnar Frisch wa Norway pamoja na Jan Tinbergen wa Uholanzi, aliyesomea fizikia kabla ya kuuandika uchumi wa nchi yake kwa milinganyo. Baada yao wakaja Paul Samuelson, kisha Simon Kuznets aliyepima pato la taifa, halafu John Hicks na Kenneth Arrow, na mwaka 1973 Wassily Leontief na majedwali yake ya viwanda vinavyotegemeana. Wote hao walikuwa wamekwisha kujijengea jina kabla tuzo haijakuwapo. Foleni ya wazee ilikuwa ndefu, na kamati haikuhitaji kubahatisha.

Mwaka 1974 mambo yaligeuka. Gunnar Myrdal, msoshalisti wa Sweden aliyewahi kuwa waziri, aliteuliwa pamoja na Friedrich Hayek, mtetezi wa soko huria, watu wawili ambao hata mezani wasingeelewana kuhusu kazi ya serikali. Sababu rasmi ilikuwa utafiti wao kuhusu fedha na misukosuko ya uchumi, lakini ni vigumu kutoiona hapo nia ya kusawazisha mizani. Hayek mwenyewe alisema kwenye karamu ya Stockholm kwamba, lau angeulizwa, angeshauri tuzo hii isianzishwe.

Ohlin aliondoka kwenye kamati baada ya mwaka 1974, na mwaka 1977 akaipata tuzo yeye mwenyewe, pamoja na James Meade. Nadharia yake ya biashara ya kimataifa, aliyoichapisha mwaka 1933, ilistahili bila ubishi. Hata hivyo, kwa tuzo iliyokuwa ikitafuta heshima, ingefaa asubiri zaidi. Joan Robinson wa Cambridge, aliyeandika kuhusu ushindani usio kamili mwaka huohuo wa 1933, alifariki mwaka 1983 bila kuipata, na hakuna mwanamke aliyeipata hadi Elinor Ostrom mwaka 2009.