Slaidi ile ile, mara ya pili
Mbwa aliitwa Tomi, mlinzi wa nyumba ya mzee mmoja mstaafu huku kwetu Goba. Aliletwa akiwa hali chakula, macho yamelegea, joto 40.3, masikio yote mawili yamejaa kupe wa kahawia ambao hapa Dar hawana msimu. Kliniki yangu ya mifugo ilikuwa na mwaka wa pili, na nilikuwa peke yangu. Chuoni Sokoine, Morogoro, ukikwama unageuka tu, mwenzako yupo meza ya pili. Goba ukigeuka unakutana na ukuta.

Nilitoa damu, nikatengeneza slaidi, nikaipaka rangi ya Giemsa, nikatafuta babesia, kimelea cha damu anachokiacha kupe, ndani ya chembe nyekundu. Sikuiona. Nikawaandikia wenzangu kwenye simu: "Jamani, nina mbwa ana homa, hali, ana kupe. Nimpe nini?" Ndani ya nusu saa yakaja majibu tisa: minyoo, virusi vya parvo, ini, na wanne wakasema ni babesia tu, hukuiona vizuri. Nikafuata hao wanne. Nikachoma imidokabu, dawa ya babesia, kwa uzito wa kukisia, kilo 35. Tomi alitokwa mate mengi, akatapika, kisha akatulia. Siku mbili baadaye mzee alinipigia alfajiri: "Binti yangu, mbwa anatoka damu puani."

Wenzangu sikuwalaumu. Kwa swali kama lile, kila mmoja alimtibu mbwa aliyemwona yeye wiki ile. Tomi wangu hakuna aliyeelezwa.

Nilimpigia mwalimu wangu wa zamani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, daktari. Sema."

Nikaanza na dawa niliyotoa, akanikatiza. Dawa tutaifikia, alisema. Mbwa ana kilo ngapi, umempima au umemkisia? Fizi zina rangi gani? Ngozi ya tumbo ina vidoa vyekundu? Bandama umeipapasa? Halafu akauliza: "Kwenye slaidi, chembe sahani ulihesabu ngapi?"

Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu, na sikuwa nimehesabu hata moja. Nilikwenda kwenye hadubini kutafuta babesia, nilipoikosa nikazima taa.

Bahati slaidi nilikuwa nimeitunza. Safari hii nilianzia ukingoni, kule damu inakoishia, kwa sababu chembe sahani zikishikana hukimbilia huko na hesabu ya katikati inakudanganya. Hapakuwa na mafungu. Nikaweka mafuta, lensi ya mara 100, nikachagua maeneo kumi ambako chembe nyekundu zimetandazika safu moja, nikahesabu polepole. Chembe sahani moja kwa kila eneo, kwa wastani, ni kama 15,000 katika mikrolita ya damu, na mbwa mzima huwa na kumi hivi au zaidi kwa kila eneo. Kwa Tomi nilipata kumi na mbili katika maeneo yote kumi. Jibu la damu yake lilikuwa mezani kwangu siku zote mbili.

Kupe huyu wa mbwa hubeba pia Ehrlichia canis, bakteria anayejificha ndani ya chembe nyeupe na kuziangusha chembe sahani. Imidokabu si dawa ya kumtegemea kwake. Dawa ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28. Mwalimu aliongeza mambo ambayo nisingeyakumbuka kwa hofu niliyokuwa nayo: asichomwe tena sindano ya msuli, asipewe dawa ya maumivu ya jamii ya aspirini, maana atavuja damu; na kidonge kiende na chakula, kisije kikakwama kooni kikamuunguza. Uzito tuliupata kwa mizani ya bafuni. Mjukuu wa mzee alipanda amembeba Tomi, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo 27. Nilipoona namba ile nilielewa yale mate na matapishi.

Siku ya tatu Tomi alikula ugali na dagaa. Mwisho wa dozi nilihesabu tena, wastani ukawa kumi na tatu kwa eneo.

Tangu hapo siombi ushauri kabla sijajaza karatasi moja: umri, uzito wa mizani, joto na saa nililopima, chanjo, nilichokiona, nilichokitafuta nikakikosa, dawa niliyokwisha kutoa na kiasi chake. Jina la mfugaji haliandikwi. Mara nyingi nikiwa katikati ya kujaza naona mwenyewe nilichoruka, na simu sipigi tena.

Mkutano wa kisayansi wa kila mwaka wa chama chetu ni mzuri na nautetea, lakini mgonjwa wa Jumanne usiku hausubiri. Kwa hiyo tuko watano, tunazungumza kila Alhamisi saa tatu usiku, kesi moja tu. Mwenzetu wa Chanika ana ng'ombe wa maziwa, wa Kigamboni ana kuku. Mimi ng'ombe siwaoni sana, ila nilikuwepo mwenzetu wa Chanika alipoeleza ng'ombe wake mwenye joto 41 na tezi ya bega iliyovimba, ambaye alikuwa akichomwa oksitetrasaiklini bila nafuu. Tulimwomba achome tezi kwa sindano, atandaze majimaji yake kwenye slaidi. Usiku huohuo akatuma picha: ndigana kali, vimelea wamejaa ndani ya chembe nyeupe. Akabadilisha, akatumia buparvakuoni, dawa ya ndigana. Wiki mbili baadaye nilipoitwa Kibamba kwa ng'ombe mwenye homa, mkono wangu ulikwenda kwenye tezi kabla ya kufungua mkoba.

Tulikubaliana pia kwamba anayeleta kesi alete kwanza ile ya mnyama aliyemfia. Ni vigumu, hasa mbele ya wadogo zako kitaaluma. Alhamisi hii zamu ni yangu. Nina mbuzi aliyenifia, picha za mapafu yake, na joto la siku tatu nililoliandika kila asubuhi na jioni.